Mgonjwa Imefutwa

Mwaka 2021, katika kituo cha afya kimoja wilayani Kisarawe, nilikuwa nimekaa pembeni ya meza ya muuguzi nikiwa na daftari. Tulikuwa tumewaletea mfumo wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa na dawa, na kazi yangu siku ile ilikuwa kuandika kila mahali anapokwama. Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani aliyoifunga kwa uzi shingoni. Kwa bahati mbaya alikuwa ameandikisha mtoto mmoja mara mbili, akafuta mara moja. Kompyuta ikamjibu kwa maandishi ya kijani, naye akayasoma kwa sauti, taratibu, kama anavyosoma cheti cha daktari: "Mgonjwa imefutwa."

Akanigeukia. "Mwanangu, maneno haya kaandika nani?"

"Ni mimi, mama."

"Mgonjwa ni kitu? Na amefutwa, kaenda wapi? Mama yake huyu mtoto akiinama hapa akasoma, nitamwambia nini?"

Mama wa mtoto alikuwa amekaa hatua mbili tu kutoka pale, mtoto mgongoni. Niliandika kwenye daftari: "Taarifa za mgonjwa zimefutwa." Ndivyo ilivyopasa kusomeka tangu mwanzo. Lakini nilijua wakati naandika kwamba siwezi kulirekebisha kosa lile kwa kubadilisha neno moja, wala mawili. Kosa lilikuwa ndani zaidi, mahali ambapo mfasiri hafiki.

Mfumo wetu tuliujenga kwa Django, programu huria iliyoandikwa kwa lugha ya Python. Ilianzia kwenye chumba cha habari cha gazeti la Lawrence Journal-World, jimboni Kansas, Marekani, ikatolewa kwa umma Julai 2005. Juu yake tulipachika maktaba nyingine ndogo, huria vilevile, ya kutoa jumbe na ripoti, inayotunzwa na mtu mmoja Ulaya. Sitaitaja jina, kwa sababu jambo nitakalolisema linazihusu nyingi. Maktaba hiyo ilikuwa na sentensi moja yenye pengo: kitu fulani kimefutwa. Programu inachomeka jina la kitu kwenye pengo, sentensi inatoka. Kwa Kiingereza maneno ya kufutwa hayabadiliki kwa sababu ya aina ya kitu. Mtu, kitabu, jina, kituo, vyote vinatangulia mbele ya maneno yaleyale mawili. Nilipewa sentensi ile kuitafsiri mara moja tu, nikachagua "imefutwa", kwa sababu nilikuwa nafikiria dawa na ripoti.

Sasa jaza pengo kwa Kiswahili. Mtumiaji amefutwa. Mkoba umefutwa. Jina limefutwa. Kituo kimefutwa. Ripoti imefutwa. Ukija kwenye wingi ni wamefutwa, imefutwa, yamefutwa, vimefutwa, zimefutwa. Wala si kitenzi peke yake. Kitufe cha kuongeza kinataka neno "mpya": mgonjwa mpya, kituo kipya, jina jipya. Kitufe cha kuchagua kinataka "ote": wagonjwa wote, dawa zote, majina yote, vituo vyote. Mtoto wa miaka minne aliyelelewa kwa Kiswahili hajikwai hapo. Programu inajikwaa kila dakika, kwa sababu aliyeiandika alidhani sentensi ni bomba unaloweza kulikata katikati na kuunganisha kipande chochote.

Watu hujibu kwamba kila lugha ina shida zake na mfasiri hutafuta njia. Ni kweli, Mfaransa naye ana jinsi ya kike na ya kiume, akibanwa anaweka herufi moja ndani ya mabano na kuendelea na safari. Sisi tungeweka mabano mangapi? Nilijaribu hila niliyoipata: "Umefuta mgonjwa," "Umefuta kituo." Ukimfanya mtumiaji kuwa mtenda, upatanisho hauonekani, mambo yanakaa sawa. Ikanisaidia kwenye ujumbe mmoja. Kisha nikafika kwenye orodha ya matukio ya siku, inayosema nani alifuta nini jana, hapo hila ikaisha. Huwezi kumwambia muuguzi wa leo "umefuta" jambo lililofanywa na mwenzake wa zamu ya usiku. Katika kituo cha afya hiyo ni kumsingizia mtu.

Kuna jambo lililoniumiza zaidi nilipolichunguza. Tafsiri zetu zinakaa kwenye faili za gettext, chombo cha mradi wa GNU ambacho kimebeba lugha za dunia tangu miaka ya 1990. Juu ya kila faili kuna mstari unaoeleza lugha ina maumbo mangapi ya wingi. Kiswahili yamewekwa mawili, Kipolandi matatu, Kiarabu sita. Tazama heshima iliyomo katika mstari huo. Mtu fulani aliwasikiliza Waarabu na Wapolandi, akakubali kwamba kuhesabu si moja na zaidi ya moja tu, chombo kikapanuliwa hadi kikawatosha. Kwa ngeli hakuna mstari. Hakuna aliyeukataa. Hakuna tu aliyekuwepo mezani siku walipokuwa wanapanga.

Niseme nilivyoingia kwenye kazi hii. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, Dar es Salaam, 2015, na laptopu ya mkono wa pili ambayo betri yake ilidumu dakika arobaini. Programu za kulipia hatukuwa na uwezo nazo, na za wizi zilituletea virusi. Mwalimu wetu mmoja akatuonyesha CD ya Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwetu ilikuwa ya kale tayari, lakini nilipoona menyu nzima kwa lugha ya nyumbani kwetu nilishtuka. Maneno tunayoyatumia leo bila kufikiri, pakua, kivinjari, nywila, kuna watu waliyakalia wakayabishania. Nikataka kuwa mmoja wao.

Kiraka changu cha kwanza, yaani rekebisho nililolituma kwenye programu moja huria, kilikuwa cha herufi moja: neno "hifadhi" lilikuwa limeandikwa bila "h" ya pili. Nilikituma saa tisa usiku, kwa kifurushi cha usiku, maana ndicho kilichokuwa rahisi. Wiki tatu baadaye mtu nisiyemjua, nchi nisiyoijua, akakipokea na kuandika asante. Asiyefanya kazi hii anaweza asielewe kwa nini nililia. Mtu huyo hakuniuliza shule niliyosoma wala kabila langu. Aliisoma kazi, akaona ni sahihi, akaipokea. Tangu siku hiyo jina langu limo kwenye historia ya programu ile, na halitatoka hata nikifa.

Hivyo niliporudi kutoka Kisarawe niliiandikia maktaba ile ya jumbe taarifa ya hitilafu kwa matumaini makubwa. Nilieleza ngeli, nikaweka mifano, nikaambatanisha kiraka kinachoondoa pengo na kuweka sentensi nzima kwa kila aina ya kumbukumbu. Nikangoja. Mwezi, miwili, mitano. Mwezi wa saba mtunzaji akajibu kwa sentensi moja: je, hakuna umbo la kitenzi lisilo na upande, litakalofaa kwa majina yote? Nikajibu hakuna. Kimya tena. Nilikasirika, nakiri. Nilisema maneno mbele ya wenzangu pale kijiweni kwetu Sinza ambayo baadaye nilitamani kuyarudisha.

Mwaka 2022 nikapata mwaliko wa kuzungumza kwenye mkutano wa waandishi wa programu katika nchi moja ya Ulaya. Waandaaji walikubali kulipa nauli na malazi, lakini kwa utaratibu wao wa kawaida: lipa kwanza, leta risiti, tutakurudishia. Nani kati yetu ana milioni tatu na nusu za kuzika miezi miwili? Nilikopa kwa shemeji. Nikapanga makaratasi: barua ya mwaliko, barua ya mwajiri, taarifa za benki, bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, picha zenye kipimo chao. Ada ya viza ilikuwa yuro 80, karibu laki mbili za kwetu, na hairudi.

Dirishani niliulizwa maswali matatu. La tatu lilikuwa kama nina mke na watoto. Sikuwa nao. Baada ya siku kumi na mbili nikarudishiwa pasipoti ikiwa na karatasi yenye orodha ya sababu na visanduku vidogo, kimoja kimetiwa alama: kuna shaka ya msingi juu ya nia yako ya kuondoka kabla viza haijaisha. Nilikaa kwenye ngazi za jengo lile nikiisoma mara nyingi. Nilikuwa nakwenda siku nne kueleza upatanisho wa kisarufi. Nina mama Morogoro, nina kazi, nina shamba la robo eka nililolipia nusu. Hakuna kisanduku cha mambo hayo.

Wenzangu wengi wamekutana na karatasi hiyo, wengine mara mbili na mara tatu, na wapo walioacha kabisa kuomba. Msimbo wao unasafiri, unaendesha seva za watu Ulaya na Marekani, wao wamebaki. Mkutano unaendelea bila wao, na maamuzi hufanyika humo. Hufanyika kwenye korido zaidi kuliko jukwaani. Mtu anasema "nadhani tungebadilisha hapa", mwingine anafungua laptopu, ikifika jioni jambo limekwisha. Ukisoma matokeo mwezi unaofuata unayakuta kama sheria.

Ndiyo maana Novemba 2023 ilinifungulia kitu. DjangoCon ya kwanza ya Afrika, mkutano wa watu wa Django, ilifanyika Zanzibar. Nilikata tiketi ya boti bandarini Dar, nikaonyesha kitambulisho, nikapanda. Ndani ya saa mbili nilikuwa Malindi, nikinunua kahawa chungu kwa mzee mwenye dele, kanzu yake imeloa kwa mvua za vuli. Mkutano wa kimataifa wa kazi yangu, na nimeufikia kwa boti! Hotuba nilizisikiliza, zilikuwa nzuri, lakini kilichonibakia ni meza moja ya chakula cha mchana.

Tulikuwa watano. Mmoja alitoka Kampala, mmoja Kigali, mmoja Harare, mmoja Johannesburg mwenye asili ya KwaZulu. Nikawasimulia habari ya "mgonjwa imefutwa" kama kisa cha Kiswahili. Binti wa Kampala akaweka kijiko chini. Akasema, "Lakini hicho ni kisa changu." Akachukua karatasi ya ratiba, akaigeuza, akaandika omulwadde. Wa Kigali akaandika chini yake umurwayi. Wa Harare, murwere. Wa Johannesburg akaandika isiguli, akatueleza kwamba kwao mgonjwa yuko kwenye ngeli inayofanana na ki- yetu, na kitenzi kinamfuata huko huko, bila kujali kwamba ni mtu. Sisi husema kipofu amekuja, kiziwi ameondoka, uhai unashinda umbo. Kwao umbo linashinda. Tukaanza kuandika "amefutwa" ya kila mmoja kwa kila jina, karatasi ikajaa, tukaomba nyingine. Wali ukapoa kwenye sahani zote tano.

Kwa miaka miwili nilikuwa nimeandika taarifa yangu kama mtu anayeomba upendeleo kwa lugha yake moja. Pale mezani niliona kwamba tulikuwa tunazungumzia lugha za Kibantu, mamia yake, kutoka Kameruni hadi Afrika Kusini. Kila mmoja wetu alikuwa amejificha na hila yake: mimi na "umefuta" yangu, mwenzangu wa Kampala alikuwa amehamia kwenye alama za picha bila maneno, wa Kigali aliacha jumbe zote kwa Kiingereza. Hatukuwahi kuambiana. Tungeambianaje, na kila mtu alikuwa anadhani udhaifu ni wa tafsiri yake?

Zile karatasi mbili nilizibeba Februari 2024 kwenda Brussels.

Safari hii viza nilipata, sijui kwa nini. Makaratasi yalikuwa yaleyale, isipokuwa sasa nilikuwa nimeoa. Nilipitia Addis Ababa, nikafika asubuhi yenye baridi ambayo koti nililoazimwa halikuijua. FOSDEM, mkutano wa programu huria niliokuwa naufuata, hufanyika kila mwaka karibu na mwanzo wa Februari, kwenye kampasi ya Solbosch ya chuo kikuu kiitwacho Université libre de Bruxelles. Haina kiingilio wala usajili. Unaingia tu, kama unavyoingia sokoni. Maelfu ya watu wenye mabegi mgongoni wanakimbizana kati ya majengo, na madarasa madogo yakijaa anawekwa mtu mlangoni wa kusema hakuna nafasi. Nilikosa vipindi vitatu nilivyovipanga. Mtu atakayekwenda namshauri achague chumba kimoja asubuhi, akae humo humo.

Mtunzaji wa maktaba yetu nilikuwa nimemwandikia kwamba nitakuwepo. Tulikutana jioni ya Jumamosi kwenye korido ya ghorofa ya kwanza, karibu na meza za vitabu. Nilitarajia mtu mwenye kiburi. Nikamkuta baba mwenye mvi, macho mekundu kwa usingizi, ameshika kopo la supu. Mchana anafundisha hisabati sekondari. Maktaba ile inayotumika kwenye vituo vyetu vya afya anaiandika saa nne usiku, watoto wakishalala. Ana taarifa za watu zaidi ya mia mbili ambazo hajazijibu. Aliniambia yangu hakuendelea kuijibu kwa sababu aliogopa. Hakuwa na uhakika kama kosa ni langu au lake, na asingeweza kupima.

Nikatoa karatasi za Zanzibar, madoa ya mchuzi yakiwa bado juu yake. Akazitazama kwa muda. Akaniuliza lile swali lake la zamani: katika haya yote, lipi ndilo neno lenyewe la kufutwa?

Badala ya kumjibu nilimwomba asome nami. Mtu amefutwa. Mti umefutwa. Jina limefutwa. Kitu kimefutwa. Alisoma kwa ulimi mzito, kidole kikifuata mistari. Kwenye "vitu vimefutwa" akasimama. Akarudia: vi, vi. Akarudi juu: ki, ki. Akasema, "Linaimba. Jina linakiimbisha kitenzi." Kisha akanyamaza, akaweka kopo chini sakafuni, akasema kitu ambacho miezi saba ya maandishi haikukitoa: "Basi sentensi yangu siyo sentensi kwenu. Ni kosa langu. Mimi ndiye niliyekata."

Tulikaa kwenye ngazi hadi walinzi walipokuja kufunga. Hatukumaliza, lakini tulikubaliana jambo kuu, kwamba maktaba isiunganishe tena vipande. Kila aina ya kumbukumbu iwe na sentensi zake kamili, na mfasiri azione nzima. Nilimwonyesha pia Fluent, mfumo wa Mozilla uliofika toleo la 1.0 mwaka 2019, ambao unampa mfasiri nafasi ya kubeba sarufi ya lugha yake bila kumsumbua mwandishi wa programu. Alikuwa ameusikia ila hakuona unamhusu vipi. Kwa maktaba ndogo kama yake, sentensi kamili zilitosha.

Nikisema safari ile ilikuwa na thamani, simaanishi picha na fulana. Namaanisha "vi, vi" ile. Sauti haipiti kwenye taarifa ya hitilafu. Nilikuwa nimemwandikia mtu huyu jedwali zuri la ngeli, na jedwali lilimtisha tu. Aliposoma kwa mdomo wake alielewa ndani ya dakika mbili.

Mwezi uliofuata, tarehe 29 Machi 2024, ulimwengu wetu ulitikiswa na habari za xz, programu ndogo ya kubana data iliyomo karibu katika kila seva ya Linux. Mtu aliyejifanya mchangiaji mwema kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa amepandikiza mlango wa siri ndani yake. Aligunduliwa na mwandishi wa programu aitwaye Andres Freund, ambaye alishangaa tu kwa nini kuingia kwenye kompyuta yake kunachelewa nusu sekunde. Mtunzaji wa xz alikuwa mtu mmoja, wa kujitolea, aliyechoka, na watu walikuwa wakimsukuma hadharani kwa ucheleweshaji wake hadi akamkabidhi msaidizi yule funguo. Niliposoma zile lawama alizotupiwa nilikumbuka maneno yangu ya Sinza. Yalikuwa na sauti ileile. Siku hizi nikituma kiraka naweka pia kazi ya kukipima: mifano, majaribio, na maelezo mafupi ya namna ya kuhakiki hata kama hujui lugha. Na kila mwezi nachukua taarifa kumi za watu wengine kwenye maktaba ile, nazisoma, nazijibu, nazipunguza. Haijawahi kuwa kazi ya kupigiwa makofi. Lakini yule mwalimu sasa analala mapema siku mbili kwa wiki, kaniambia mwenyewe.

Sentensi yetu moja yenye pengo imekuwa sentensi kumi na nne. Binti wa Kampala aliweka za Kiganda, wa Kigali akaweka za Kinyarwanda. Za Kizulu bado zinabishaniwa, na mabishano yenyewe ni matamu kuyasoma.

Toleo jipya nililipeleka Kisarawe mwenyewe. Mama alikuwa yuleyule, miwani kwa uzi uleule. Nikamwamkia, akaniitikia, akanivutia kiti. Alifungua kumbukumbu ya majaribio, akafuta, akasoma kwa sauti: "Taarifa za mgonjwa zimefutwa." Akatikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyerudishiwa chenji sahihi. Kisha akasema, "Sasa njoo huku."

Akanipeleka wodini, kitanda cha tatu, mtoto mwenye homa ya mapafu. Kwenye kishikwambi kilichotundikwa ukutani mfumo wetu ulikuwa umeandika: dozi inayofuata, saa 02:00. Mtoto alikuwa anachomwa sindano kila baada ya saa nane. Iliyotangulia ilikuwa saa kumi na mbili jioni, hivyo hii ni ya saa nane usiku. "Mimi najua," mama akasema. "Huyu binti aliyeletwa wiki hii ataona mbili, atasema saa mbili asubuhi, kesho. Mtoto amekosa dawa saa sita nzima."

Akafungua daftari lake la zamu. Kila mgonjwa alikuwa na mistari miwili: kwa kalamu ya bluu saa ya kompyuta, kwa nyekundu saa yetu, kurasa na kurasa, miezi minne, kwa mwandiko wa mkono mmoja. Kazi hiyo hakuna aliyemwomba aifanye. Nilimwomba ruhusa nikapiga picha ukurasa usio na majina, na usiku ule ule nikautuma kwa wale watu wa meza ya Zanzibar na kwa mwalimu wa hisabati.

Jibu la kwanza lilitoka Kampala kabla ya alfajiri. Kwao nako, aliandika, ssaawa bbiri ni asubuhi, na hospitalini kwa shangazi yake wana daftari kama lile.